Ukichangia shule ya mtaa, bandika hati kwenye ubao

Nilikuwa mwandishi wa habari Morogoro kwa miaka kumi na moja kabla sijafungua duka la vifaa vya ujenzi. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nauli imekwenda na maji. Watoto walikuwa wanakua. Nikaanza na mifuko arobaini ya saruji, misumari na rangi.

Ukiwa na saruji dukani, na watu wanakujua jina, mtaa utakufuata. Na mimi nilitaka kufuatwa. Nilikuwa nimeandika mno kuhusu vyoo vibovu vya shule nisiweze kukaa kimya nikiwa na uwezo.

Mwaka wa pili niliombwa saruji kwa ajili ya vyoo vya shule ya msingi. Nikapakia mifuko ishirini kwenye guta, mzigo ukaondoka, na mimi sikuandika popote. Miezi minne baadaye nikapita pale. Shimo limechimbwa, tofali zimepangwa, nyasi zimeota juu yake. Shuleni wakasema walipokea mifuko kumi na miwili. Mwenye guta akaapa kwamba alishusha yote. Hakuna aliyeweza kumkanusha mwenzake, maana karatasi haikuwepo.

Mifuko minane haikuniuma sana. Kilichoniuma ni wazazi. Kuanzia mwaka 2016 tuna elimu bila ada, kwa hiyo mchango wa mzazi ni hiari yake, na hiari hiyo inasimama juu ya imani. Habari ya saruji iliyopotea ilipozunguka mtaani, hata waliokuwa wamejitolea kubeba mchanga waliacha. Nikiwa mwandishi nisingeandika sentensi moja juu ya mifuko ile bila kuwauliza watu wawili. Nikiwa mfanyabiashara nilitoa mali kwa maneno matupu.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye duka, usipakie kitu bila hati yenye nakala tatu: moja yako, moja ya stoo ya shule, ya tatu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa. Anayepokea aandike jina na idadi kwa mkono wake. Halafu toa kwa awamu. Mpe fundi saruji ya msingi kwanza, nenda ukaone msingi, ndipo upeleke ya kuta. Kufanya hivyo si kumshuku mtu. Saruji ikikaa stoo yenye unyevu inaganda, na mchango wako unageuka jiwe.

Fedha ya halmashauri ikiwa imechanganyika na ya wananchi, uliza matumizi yake kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu. Ukikosa jibu, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku thelathini. Wengi wanadhani sheria hiyo ni ya waandishi peke yao.

Na usichangie mtaji, changia faida. Hilary Ng'weno wa Kenya, Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa gazeti la Daily Nation, alianzisha The Weekly Review mwaka 1975, jarida lililoheshimika mno. Hata hivyo gazeti lake jingine, The Nairobi Times, aliliuza mwaka 1983 kwa KANU, chama kilichokuwa kikitawala Kenya. Heshima hainunui karatasi za kuchapia, wala hainijazii rafu za duka.

Vyoo vile tulivirudia mwaka uliofuata, safari hii hati zikiwa ubaoni. Wiki ya pili bibi anayeuza vitumbua karibu na geti la shule alikuja dukani. Alikuwa amesomewa karatasi ile na mjukuu wake, akataka kujua kama ndoo kumi za maji alizowapa mafundi nazo zinaandikwa.

Tukaziandika.