Muulize Rubani: "Kwani Sisi ni Magunia?"

Mwezi huu maswali yenu yanajibiwa na rubani mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, anayeendesha ndege ndogo ya abiria baina ya Manda, Malindi na Nairobi. Ametuomba jina lake lisitajwe. Anasema mji mdogo, na wanaomdai chai ni wengi.

Mwanangu, marubani wa televisheni nawaona wakishuka kwenye gari wamenyooka kama mwimo. Wewe nakuona forodhani umekunja suruali, viatu mkononi. Ni kazi gani hiyo?
*Mama wa Langoni*

Shikamoo mama. Suruali naikunja kwa sababu kiwanja cha ndege kiko kisiwani Manda, na baina ya Manda na Amu pana maji. Hakuna daraja, hakuna gari la kampuni. Ndege ikilala Manda, mimi hutoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, nikapita vichochoroni nikiwasukuma punda waliolala njiani, nikashuka forodhani kutafuta boti. Maji yakiwa yamejaa ni dakika kumi hivi. Yakiwa yamekupwa, hasa bamvua, yanapokupwa kupita kawaida, Mungu ndiye ajuaye.

Siku moja boti ilipanda fungu la mchanga katikati ya safari. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mwenye boti akaniangalia kana kwamba mimi, kwa kuwa ni rubani, nitajua la kufanya. Nilishuka. Matope magotini, begi kichwani, shati jeupe na zile tepe begani. Nilipofika kiwanjani abiria walikuwa wamekaa kivulini kwenye mabenchi, na bibi mmoja wa Pate akanitazama kuanzia miguu: "Mwanangu, umekuya kwa miguu? Sasa hiyo ndege i wapi?" Niliosha miguu kwa maji ya chupa na tukaondoka tumechelewa nusu saa. Tangu hapo huweka suruali ya pili kwenye begi, na kalenda ya mwezi naisoma kama wavuvi wanavyoisoma. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, boti naichukua mapema zaidi.

Kapteni, mwaka jana nilikwenda Nairobi kumuona binti yangu. Nikapimwa kwenye mizani pamoja na kikapu changu, mbele za watu. Kwani sisi ni magunia? Na ukweli ni kwamba niliwapunguzia kilo tano waliponiuliza kwa simu.
*Bi wa Shela*

Bi, nakushukuru kwa kusema kweli, ingawa umechelewa. Wengi hupunguza, na wanaume ndio wabaya zaidi.

Ndege ninayoendesha ni Cessna Caravan, ya injini moja. Ikisimama tayari kuruka, yenyewe, mafuta, mimi, wewe na kikapu chako, jumla isizidi kama kilo 4,000. Si nyingi. Watu kumi na wawili wakipunguza kilo tano tano, hapo nimebeba mtu mzima ambaye hayumo kwenye karatasi yangu.

Tena si uzito peke yake, ni mahali unapokaa. Wewe umekulia Shela, jahazi unalijua: mzigo ukizidi tezi, nyuma kule, omo ya mbele inanyanyuka na chombo hakisikii usukani; farumi, ule mzigo wa kutuliza chombo, ikipangwa ovyo, upepo kidogo tu kinalala upande. Ndege ni hivyo hivyo, ila huwezi kuruka majini ukaogelea. Ndiyo maana nikasema, "Mama, wewe kaa mbele hapa," ukadhani nakuheshimu. Nilikuheshimu pia. Na kile chuma ulichokiona kimeegeshwa chini ya mkia wakati wa kupakia kipo kwa sababu hiyo: mizigo na watu wakirundikana nyuma kabla mbele hakujajaa, ndege hii inaweza kukalia mkia wake.

Kutoka Manda mambo ni mepesi, maana tuko usawa wa bahari na hewa ni nzito. Injini inavuta pumzi ya kutosha na mbawa zinapata cha kushika. Kurudi ndiyo kazi. Wilson, kiwanja tunachotumia Nairobi, iko juu, karibu futi 5,500, hewa nyembamba. Mchana wa jua kali Nairobi, ndege ile ile yenye mzigo ule ule hukimbia sana kabla ya kukubali kuondoka chini. Siku hizo ndipo mzigo wa mtu unapobaki, na mimi ndiye ninayetukanwa. Kikapu chako kilikuwa na maembe, nakumbuka. Harufu ilitufika mpaka Kipini.

Nahodha mwenzangu, kati ya upepo wa kusi na wa kaskazi upi unakusumbua?
*Mzee wa Matondoni*

Mzee wangu, hapa tutabishana, maana majibu yetu yanapishana. Kwako wewe kusi ndio adui: bahari inachafuka, vyombo vinafunga. Kwangu kusi ni rafiki. Njia ya kurukia ya Manda imelala kutoka kaskazini-magharibi kuelekea kusini-mashariki, kwa hiyo kusi huja karibu moja kwa moja usoni, nami natua polepole kama mtu anayekalishwa kitini. Kaskazi unaokupeleka wewe salama, kwa kuwa hutoka kaskazini-mashariki, ndio unaonipiga ubavuni. Natua pua ikiwa imeelekea kando, nikiinyoosha dakika ya mwisho, na abiria wa dirishani hudhani nimekosa kiwanja.

Ila kuna jambo kusi huleta ambalo watu wa Amu hawanisamehe. Miezi ya Juni mpaka Agosti, asubuhi za Nairobi huwa na wingu zito lililolala chini. Hapa jua limeshachomoza, mbingu safi kama kanzu ya Idi, na mimi nimekaa chini ya bawa nakula mahamri. Mtu anakuja: "Kapteni, mbona hatwendi? Hali si nzuri?" Hali ni nzuri hapa, bwana. Ninakokwenda ndiko hakuonekani. Hilo nimelieleza mara nyingi mpaka nimechoka, siku hizi nawakaribisha mahamri tu.

Injini moja? Ikizimika?
*Msomaji, Malindi*

Inateleza. Haianguki kama nazi. Ikiwa futi 10,000, ndege hii bila injini inaweza kuteleza kama kilomita 30 kabla ya kugusa chini, na muda huo mimi natafuta pa kuiweka. Ndiyo sababu Malindi hadi Manda huwa napenda kufuata ufuo: upande mmoja bahari, upande mwingine mchanga wa Ungwana, chini yangu mdomo wa Tana ukitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Injini yenyewe adui yake mkubwa huku kwetu ni chumvi. Tunaiosha ndani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na Manda maji hayo ni shida tangu enzi za Takwa, ule mji wa kale uliobaki magofu.

Asalaam aleikum kapteni. Ramadhani unafunga? Na ukiwa juu, jua bado unaliona lakini chini watu wameshafuturu, wewe unafanyaje?
*Mwanafunzi wa madrasa, Faza*

Waaleikum salaam. Mimi si shekhe, ila hili nimewauliza wanaojua. Wameniambia msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na aliye hewani hufuata jua analoliona yeye, si adhana ya mji ulio chini yake.

Sasa sikiza hesabu. Nairobi iko magharibi yetu, na jua huchwa kule kama dakika 16 baada ya huku. Nikifunga Amu nikaenda Nairobi jioni, nimejiongezea robo saa ya saumu, na saa nzima na zaidi jua limenikodolea macho kioo cha mbele. Mwaka wa kwanza nilijitia ushujaa, nikafunga siku zote. Siku ya tisa, baada ya safari nne na joto la Manda, nilijikuta nasoma namba moja kwenye saa ya mafuta mara tatu bila kuielewa. Nilipotua nilikunywa maji pale pale. Mama yangu aliposikia hakukasirika, alisema tu, "Utalipa." Nalipa. Siku nyingi za kuruka sifungi saumu. Siku za mapumziko nafunga, na zilizobaki nazimaliza kabla Shaabani haijaisha. Mke wangu huniandikia kwenye mlango wa friji.

Nasoma kidato cha nne Mpeketoni. Nataka kuwa kama wewe. Nianzie wapi?

Anzia kwa daktari wa marubani, kabla hujalipa senti. Nimeona kijana aliyemaliza akiba ya ukoo mzima kwenye masomo, halafu macho yakamkatalia. Hesabu, fizikia na Kiingereza usizikimbie. Leseni ya kwanza, ya kujirushia mwenyewe, inataka saa 40 hewani. Ya kulipwa mshahara kwa kawaida saa 200. Na ya kuwa kapteni wa ndege kubwa saa 1,500. Kila saa inalipiwa, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Baba aliuza hisa yake katika mashua, mama akauza bangili. Kisha nikakaa karibu miaka miwili na leseni mfukoni bila kazi, nikiuza vocha za simu pale karibu na ngome. Nakwambia hili ili siku ukikaa wewe usidhani umelogwa.

Ukipita juu ya nyumba yetu Siyu watuona?
*Mtoto wa miaka saba, ameandikiwa na dadake*

Ngome naiona, mikoko naiona, na punda nikiwa chini naweza kuwahesabu. Wewe sikuoni, mdogo mno. Lakini pana jirani yenu ameezeka bati jipya, linanipiga machoni kila nikipita asubuhi. Mwambie dada yako amuulize litaanza kushika kutu lini.