Mstari mweupe katikati ya kioo

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina tivi ya mgongo ya inchi 21, watoto waitumia kwa gemu za zamani. Juzi stima zilipotea, kurudi tukawasha, picha hakuna, ni mstari mmoja tu mweupe katikati ya kioo kushoto mpaka kulia. Fundi akaja akaiwacha vivyo hivyo karibu saa nzima akipimapima, akabadilisha aisi (kile kichipu cheusi cha miguu mingi), picha ikarudi, lakini mstari umebaki kama kovu, hata tivi ikiwa imezimwa wauona. Kuna saketi ya kuzuia haya?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Hilo kovu pole, halitoki, fosfori, ule unga wa ndani ya kioo unaotoa mwanga, imeungua na hakuna dawa. Kwa kawaida mwale wa elektroni hushuka juu mpaka chini mara 50 kwa sekunde, sasa vetiko, ile saketi ya kuushusha huo mwale, ikifa, moto wa picha nzima wamwagika hapo hapo kwa ule mstari. Fundi wako alikuwa aende kwenye flaibeki (ile transfoma ya volti kubwa) kwanza, apunguze kile kinobu cha skrini mpaka mstari uonekane kwa mbali tu, ndio apime.

Saketi ipo, na tivi nyingi za miaka ya mwisho zilitoka nayo kiwandani. Yachukua palsi (mapigo ya umeme) za vetiko, zikiwa zaja basi kapasita kadogo kabaki na chaji na transista, ile swichi ndogo ya umeme, yalala, zikikatika transista yaamka yazima mwanga wa kioo ama seti nzima. Shida ni kuwa seti ikijizima hivi kuna mafundi huikata hiyo saketi ili tivi "iwake", na hapo ndipo kioo huliwa (nimefungua kadhaa za namna hii). Muulize wako kama aliigusa.

Kuna na saketi nyingine ya wakati wa kuzima, ya kuzuia kidoti kisichome kioo, maana hita ya kutoa elektroni bado ni moto na kioo kimeshika chaji ya volti kama 25,000, na mwale hauna tena wa kuuzungusha. Zima usiku chumba kikiwa giza. Ukiona kidoti kikali katikati kinakawia, kapasita ya hiyo saketi imekauka, mwambie aweke nyingine ya namba ile ile.

Na aangalie solda za miguu ya aisi ya vetiko, joto huzipasua, na hii hewa yetu ya chumvi yamalizia. Wewe usifungue mgongo, hiyo chaji yakaa hata plagi ikiwa nje.