Daraja la kwanza kwenye treni za kasi Ulaya: angalia kiti kabla ya kulipa

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kumkatia bimkubwa daraja la kwanza kwenye TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, ya Paris–Barcelona, maana magoti yanamsumbua na safari ni ndefu. Kwa safari hiyo nasema kata, tena bila kusita. Ila kuna mambo ya kuangalia kabla hujalipa, kwa sababu namba ya kiti itaamua raha yake kuliko jina la daraja. Kazi yangu hunipandisha treni hizi mara kwa mara, kwa hiyo naandika ninachokijua.

Kwanza uelewe unalipia nini. Behewa lina upana wa takriban meta 3 kwa nje, na hakuna namna ya kulitanua. Daraja la pili wanapanga viti viwili, njia, viti viwili. La kwanza wanapanga viwili, njia, kimoja. Nafasi ya kiti cha nne wanagawana wale watatu, basi. Mabega yanapumua, kiwiko kinapata pa kukaa bila kugombania na jirani, na mbele ya magoti panaongezeka. Aliyezoea Madaraka Express ya Nairobi–Mombasa ataelewa haraka: kule daraja la kwanza ni viwili kwa viwili, mpangilio ambao huku ni wa daraja la pili. Ulaini usiutegemee. Viti vingi huku ni vigumu kiasi hata daraja la kwanza, na mimi naona ni afadhali, kwa sababu kiti kinachobonyea sana hukuumiza kiuno ukishakaa saa mbili tatu.

Sasa treni yenu. Mabehewa ya njia hiyo ni ya ghorofa. Juu ndiko wengi wanakokimbilia, na wana sababu: unaona mbali, na kuta za kuzuia kelele zilizojengwa kandokando ya reli hazikuzibi macho. Lakini kwa bimkubwa chukua chini. Mfumo wa kukata tiketi unakuruhusu kuchagua, usiuache ukuchagulie. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba njia ya kutoka behewa moja kwenda jingine iko ghorofani, na baa ya vyakula iko ghorofani pia. Aliyekaa chini hawezi kufuata hata chai bila kupanda ngazi. Kwa hiyo ama utapanda wewe, ama mtabeba chakula chenu. Mimi hubeba, na hakuna anayenizuia. Usidhani daraja la kwanza maana yake mnaletewa sahani: tiketi ya kawaida ya daraja la kwanza kwenye TGV haina chakula ndani yake.

Halafu mpangilio wa viti. Mkiwa wawili mtaona aina tatu: viwili vya ubavu kwa ubavu, viwili vinavyotazamana na meza ndogo katikati, na vinne vya kuzunguka meza. Vile vya kutazamana vinavutia kwa mazungumzo, lakini miguu inakutana chini ya meza, na mtu mwenye magoti mabovu anahitaji kuunyoosha mguu pale anapotaka. Mkatie viwili vya ubavu kwa ubavu, yeye umweke upande wa njia ili asimame bila kukuruka. Na chagua katikati ya behewa. Magurudumu ya TGV yako kwenye maungio, mabehewa mawili jirani yakitumia seti moja ya magurudumu, hivyo katikati ndiko kwenye mtikisiko mdogo na ndiko mbali na milango na watu wanaopitapita. Ningekuwa nasafiri peke yangu ningechukua kiti cha pekee upande wa pili wa njia, na kwangu hicho ndicho kiti bora kuliko vyote kwenye treni za Ulaya.

Kama bimkubwa anapata kichefuchefu akirudi kinyumenyume, jua kwamba viti vingi vimefungwa sakafuni, na sehemu yake hutazama nyuma. Baadhi ya TGV za kwenda Bordeaux zina viti vya daraja la kwanza vinavyogeuzwa kufuata mwendo. Kwingine huna hakika. Ujerumani hata ukipata kiti kinachotazama mbele, ukifika Frankfurt stesheni kuu, ambako reli zinaishia, treni inatoka kwa kichwa kingine na wewe unaanza kwenda kinyume.

Njia yenyewe ni tamu. Treni za moja kwa moja zilianza Desemba 2013, na safari huchukua saa saba kasoro. Kutoka Paris mnakimbia hadi kilomita 300 kwa saa. Mkishapita Montpellier, kusini mwa Ufaransa, treni inaingia kwenye reli ya zamani mpaka Perpignan na mwendo unashuka. Watu wanalalamikia kipande hicho, mimi ndicho ninachokisubiri. Baada ya Narbonne reli inapita katikati ya maziwa ya maji chumvi, maji huku na huku, na heroe wamesimama ndani. Bahari iko kushoto mkielekea kusini. Mwamshe kama amelala.

Kwa wengine mnaosoma mkiwa na safari tofauti: majina ya madaraja yasiwachanganye. Frecciarossa ya Italia ina Standard, Premium, Business na Executive, lakini Premium bado ni viwili kwa viwili. Upana wa kweli unaanzia Business. Eurostar, treni ya London–Paris, ina daraja la Plus lenye kiti kipana na mlo mwepesi ndani ya nauli. Kwenye ICE, treni za kasi za Ujerumani, mhudumu anakuletea chakula kitini, ila unalipa, na namba ya kiti imo kwenye tiketi ya daraja la kwanza wakati daraja la pili inalipiwa kando. Safari ya chini ya saa mbili, kijana mwenye afya, daraja la pili linatosha kabisa.

Nauli: fungua madaraja yote mawili kwa treni ileile kabla ya kuamua. Ukikata mapema, mara nyingine tofauti ni ndogo mno, na kwa treni inayofuata ikawa kubwa ajabu.

La mwisho, na kwa bimkubwa huenda likawa kubwa kuliko kiti. Omba msaada wa stesheni: mtu wa kumpokea, kiti cha magurudumu, na kumpandisha behewani. Ni bure, na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Juni 2023 inataka utoe taarifa saa 24 kabla. Omba kwa stesheni zote mbili, Gare de Lyon ya Paris na Barcelona Sants, kwenda na kurudi. Wakati wa kurudi mfike Sants mapema, kwa sababu mizigo inapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kushuka kwenda jukwaa la treni za kasi, na foleni ile hutaki bimkubwa aisimamie kwa haraka.