Simba ndani ya gari

Dada, mgeni alicheka ulipomwandikia "We saw a lion in our car" kwa sababu ya mahali ulipoweka kirai kihusishi, yaani kile kifungu kinachoanza na kihusishi: "in our car". Kiingereza hukiunganisha kirai na neno lililo jirani yake, kwa hiyo simba wako kapanda gari! Kitangulize, na ubadilishe kihusishi in kiwe from: "From our car, we saw a lion."

Kinachotuponza ni ile -ni yetu. Kituoni, mezani, mjini: -ni moja inatosha. Kwa Kiingereza lazima uchague: at the bus stop, on the table, in town. Kwa wakati, saa huchukua at, siku on, mwezi na mwaka in. Ukiandika "at 6 a.m. on Monday", kumbuka hiyo 6 yao ni saa 12 yetu asubuhi, usije ukamwacha mtu Moshi anasubiri gari la Arusha tangu alfajiri.

Halafu kwenye bei, andika "The price of the rooms is", si are. Rooms imo ndani ya kirai "of the rooms" tu. Kiima, yaani neno ambalo kitenzi hulifuata, ni price. Hata mimi hilo lilinisumbua sana.