Gitaa, madai na kamera: kwa mpiga roki wa Nyanda za Juu Kusini

Ukipiga roki Mbeya au Iringa, wanaokuja kukusikiliza si wengi kiasi cha kukulisha mwaka mzima. Utaombwa kupiga kwenye tamasha la kutetea mazingira, kisha mtu atakuona jukwaani na kutaka uigize kwenye filamu yake. Kubali yote mawili, ila jua kwamba kila kazi ina namna yake ya kuharibika.

Wa kumsoma hapa ni Steven Van Zandt, mpiga gitaa wa E Street Band, bendi ya Mmarekani Bruce Springsteen. Mwaka 1985 alikusanya wasanii zaidi ya 40 kurekodi "Sun City", wimbo wa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Angalia alichodai: wanamuziki wakatae kupiga kwenye hoteli na kasino za Sun City. Jambo moja, linalotendeka, na anayelivunja anaonekana.

Matamasha yetu mengi yanakwama hapo. "Tutunze mazingira" ni maneno yasiyomdai mtu chochote. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Basi dai hilohilo: taja chemchemi, taja kijiji, omba mita 60 zipimwe na mipaka ipandwe miti ya asili. Liseme kwa dakika mbili tu, kabla ya wimbo wenu unaopendwa zaidi. Ukisubiri wimbo wa mwisho, nusu ya watu wako njiani kutafuta bodaboda. Polisi wapelekewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Sisi tunashauri wiki nzima, kwa sababu kiwanja nacho kinaombewa kwa barua yake.

Umeme ndio wa kuogopa kuliko yote. Spika mbili kubwa, mixa, ampu mbili za gitaa, ya besi na taa chache vinaweza kufika kilowati 2 au zaidi. Jenereta ndogo ya kilowati 2 itahema kila ngoma ya miguu inapopigwa, na sauti itakatika. Tafuta ya kVA 5 (takriban kilowati 4). Hatari kubwa zaidi ni ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Ampu ya gitaa ikichomekwa kwenye nyumba ya jirani na spika kwenye jenereta, umeme unaweza kupita kati ya nyuzi na maiki, na mdomo wako ndio utakaounganisha. Chomeka kila kitu kwenye chanzo kimoja chenye ethi iliyozikwa ardhini, na kamwe usikate pini ya tatu ya plagi ili kuua mlio wa "mmm". Kabla ya kuimba, weka maltimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma volti kadhaa badala ya karibu na sifuri, hakuna kuimba mpaka fundi apate kosa.

Halafu baridi. Usiku wa Juni na Julai, gitaa likitoka kwenye gari lenye joto nyuzi husinyaa na sauti hupanda. Taa zikilipasha, hushuka. Liache jukwaani nusu saa likiwa ndani ya begi, tyuni, kisha tyuni tena baada ya wimbo wa pili. Kiangazi kikavu kinaweza kupindisha shingo ya gitaa kwa nyuma, nyuzi zikaanza kukwaruza kwenye freti za mwanzo. Legeza chuma kilichomo ndani ya shingo robo mzunguko tu, subiri siku moja, ndipo upime upya. Wanaozungusha mzunguko mzima kwa mkupuo wanaweza kuiharibu shingo.

Kuhusu kuigiza, Van Zandt alianza kuonekana kama mhusika Silvio Dante katika tamthilia ya runinga ya Marekani, The Sopranos, Januari 1999, na mwaka huohuo akarudi kuzunguka na bendi yake. Alivaa wigi, akabadili mkao, mpiga gitaa akapotea. Kazi yako ni hiyohiyo. Jukwaani unakuza kila kitu ili aliye nyuma aone. Kamera iko mita moja, kwa hiyo punguza mikono na nyusi. Kumbuka ulishika kikombe kwa mkono gani, maana tukio litarudiwa mara nyingi. Omba matukio ya kupiga kelele yawekwe mwisho wa siku, sauti isikauke kabla ya mazungumzo. Kupiga filamu huanza alfajiri na tamasha huisha usiku wa manane, basi acha siku moja katikati.

Mkataba uandike idadi ya siku za kazi na malipo ya kila siku itakayoongezeka. Wakitaka na wimbo wako kwenye filamu, hayo ni malipo mengine na karatasi nyingine. Sajili wimbo huo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kuwapa faili.