Mkuu, rudisha hizo sponji kabla hujafungua gundi

Umeuliza kama sponji 96 za sentimita 30 kwa 30, ukizibandika kwenye chumba chako cha kurekodia cha mita 3 kwa 3.5, zitazuia kelele za jenereta la jirani. Hazitazuia. Jenereta litaingia vilevile, ila wewe utasikika kama unaimba ndani ya blanketi.

Sponji inameza mwangwi wa humo ndani, tena wa sauti nyembamba tu. Wimbi la mngurumo wa hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 3.4, sponji ya unene wa sentimita 5 italifanya nini? Anayekuuzia kama "kizuia sauti" anajua hilo, au hajui na anauza tu. Vyovyote vile hela imeliwa. Zangu siku hizi analalia paka, na hajawahi kulalamikia besi.

Ziba hewa kwanza. Hewa inapopita, sauti inapita. Ukuta wa tofali la inchi 6 wenye plasta pande zote unazuia zaidi ya desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), uache. Shida ni mlango: urefu mita 2, uwazi wa chini sentimita 2, tayari asilimia 1 iko wazi, na hata uwe wa mninga hautavuka desibeli 20. Usiku zima taa, mtu amulike tochi kuzunguka fremu akiwa nje. Mwanga unapochungulia, piga silikoni au bandika mpira, na chini jenga kizingiti ambacho mlango unakibana. Dirisha la luva halizibiki. Lijengee kwa ndani fremu ya pili ya kioo kizima cha milimita 10.

Halafu panda darini. Nyumba nyingi za bati, kuta za vyumba zinaishia kwenye dari, hazifiki juu. Sauti inaruka hapo kama mwizi. Malizia ukuta kwa tofali hadi kwenye bati, kisha kwenye dari ongeza bodi ya jipsamu ya pili ya milimita 12 kwenye ile iliyopo, maungio yasilingane, kingo zote silikoni.

Mwangwi ndio wa mwisho: fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, ndani yake pamba ya mawe (rockwool) unene sentimita 10, kitambaa unachoweza kupuliza pumzi ikapita. Anza na pembe nne.

Na chumba kikishazibwa kitakuwa tanuri, kwa hiyo utafunga AC. Fundi akimaliza, kagua lile tundu la bomba ukutani. Wengi wanalifunika na kile kikofia cha plastiki na kuondoka. Nyuma yake pako wazi ngumi nzima. Lijaze saruji.