fc /L na fc /B zinapingana, niamini gani?

Ndugu, umesema umelinganisha CSV mbili (faili za maandishi zenye data iliyotengwa na koma) kwa fc, ile amri ya Windows ya kulinganisha faili, fc /L ikakwambia hakuna tofauti, halafu fc /B ikajaza skrini namba hadi ukadhani flashi imeharibika. Zote mbili zimekwambia ukweli, ni vile kila moja inajibu swali lake. /L inasoma faili kama maandishi, laini kwa laini, /B inaangalia baiti moja moja (baiti ni namba ndogo ambazo kompyuta huhifadhi faili nazo) bila kujali zinamaanisha nini, na baiti moja ikizidi mahali haitafuti pale faili zinakutana tena, kwa hivyo yote yanayofuata yamesonga hatua moja na karibu yote inayaita tofauti.

Hii kitu niliielewa nikifanyia kazi ushirika mmoja wa maziwa huku upande wa Njoro. Kilo za asubuhi zinaandikwa kwa kompyuta ya Windows pale wakulima wanapimiwa, halafu ofisini Nakuru tunaziandika upya kutoka kwa kitabu, na hapo natumia Linux. Siku moja nikachukua faili yao na yetu nikapiga cmp, amri ya Linux inayolinganisha baiti kwa baiti, ikaniambia zinatofautiana baiti ya 18, laini ya 1. Laini ya kwanza ni "namba,tarehe,kilo", hesabu mwenyewe, herufi na koma ni 17. Baiti ya 18 ni pale laini inaishia! Windows humaliza laini na baiti mbili, 13 na 10, Linux inaweka 10 peke yake. Nikaangalia ukubwa, faili yao imezidi yetu baiti 412, na laini ziko 412 haswa. Basi nikaachana na cmp nikapiga diff, ile ya kulinganisha laini kwa laini, na --strip-trailing-cr ndio isijali huo mwisho wa laini (bila hiyo hata diff ingenitolea laini zote 412), ikabaki laini moja tu. Mkulima mmoja kwao alikuwa na kilo 18.5, kwetu 13.5. Tukafungua kitabu, ni 18.5. Kilo tano za mama wa watu, na kama ningeangalia orodha ndefu ya baiti kama yako singeziona kamwe.

Lakini usikimbilie /L kila mara. fc ikiwa kwa modi ya maandishi, yaani /L, huwa inachukulia tab kama nafasi za kawaida, kwa hivyo faili moja ikiwa na tab na nyingine nafasi inaweza kukwambia ziko sawa, na programu inayosoma hiyo data kwa kutegemea tab itaikataa. Ukitaka tab ihesabiwe ongeza /T.

Na kama ni picha, zipu ama programu, hapo ni bainari, yaani /B, bila mjadala. Kuna wakati picha za vitambulisho zilitumwa kwa FTP (njia ya kutuma faili kwa mtandao) ikiwa kwa modi ya maandishi, ikabadilisha kila mahali ilidhani ni mwisho wa laini, hakuna hata moja iliyofunguka. Waliotengeneza PNG waliliona hilo mapema, ndio maana baiti 8 za mwanzo wa kila PNG zina 13 na 10 ndani yake, zikiguswa tu programu inajua faili imeharibiwa njiani. fc yenyewe huenda bainari kwa faili za exe, com, sys, obj, lib na bin, zingine zote inazichukua kama maandishi usipoiambia, hata jpg, kwa hivyo andika /B mwenyewe.

Excel ndio inasumbua watu zaidi. xlsx ni zipu ndani, unaweza kuifungua na kuiseva bila kugusa seli hata moja na baiti zikabadilika, kwa hivyo /B itasema tofauti na kilo ni zile zile. Mimi huziseva zote mbili kama CSV kwanza halafu ndio nalinganisha kama maandishi. Lakini nikitaka tu kujua kama kopi ya flashi imefika salama, hiyo xlsx naipiga /B vile ilivyo.

Kwa yako, hebu tuwekee hapa laini tano za kwanza za fc /B. fc huandika namba za baiti kwa hex, 0D ndio 13 na 0A ndio 10, na namba ya kwanza ni mahali baiti ilipo. Ukiona kitu kama 00000011: 0D 0A hapo juu kabisa, ni mwisho wa laini. Ukiona 09 (tab) upande mmoja na 20 (nafasi) upande wa pili, ni tab, na hiyo irekebishe kabla ujaipeleka popote.